Akicheka magoti yanamwacha: jibu kwa mama wa Makorora

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Makorora hapa Tanga mjini. Mwanangu wa kati ana miaka 9, yuko darasa la nne. Tangu mfungo uliopita, kama miezi mitano sasa, amekuwa mtu wa kulala tu. Usiku analala saa 3, asubuhi namwamsha saa 12 kwa kumpangusa maji usoni. Darasani analala, chuoni analala mpaka ustadhi kamchapa, juzi kalala na tonge mkononi. Na usiku wenyewe hatulii: anaweweseka, analia kwamba kuna mtu kamkalia kifuani. Tena amenenepa ghafla, nguo za Idi hazimwingii. Tumempima malaria mara nne, damu, taifodi na minyoo, hakuna kitu. Mama mkwe anasema ni shetani, mwalimu anasema ni uvivu, mimi nafikiria ile chanjo waliyochomwa. Mwanangu ana nini? Nilisahau: akichekeshwa sana na kaka yake huwa analegea magoti na kwenda chini, lakini hiyo nadhani ni michezo yao tu.

Jibu: Marahaba, mama. Hayo maneno uliyoyatupia mwishoni, ya kicheko na magoti, ndiyo niliyorudi kuyasoma mara tatu. Mengine yote uliyoandika yangeweza kuwa mambo kumi tofauti. Watoto wengi wanaoletwa kwangu kwa kusinzia darasani shida yao ni usiku mfupi, upungufu wa damu au mafindofindo makubwa. Lakini mtoto anayesinzia kila siku kwa miezi mitano, na akicheka magoti yanamwacha, huyo simrudishi nyumbani na dawa ya minyoo.

Kwa barua siwezi kumpima mtoto, kwa hiyo sikuambii kwamba ugonjwa umekwishajulikana. Nakuambia kuna ugonjwa mmoja ambao ni lazima utafutwe kwa mwanao, na utafutwe wiki hizi, usingoje mwakani. Unaitwa narkolepsia. Jina hilo alilitoa daktari Mfaransa, Gélineau, mwaka 1880, baada ya kumwona mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa akipitiwa na usingizi mara nyingi kwa siku, na akifurahi sana anaishiwa nguvu na kuanguka. Miaka zaidi ya 140 imepita, na bado wagonjwa wengi duniani huhangaika miaka 8 hadi 15 tangu dalili za kwanza mpaka wapate jina la kinachowasumbua. Zaidi ya nusu yao dalili zilianza wakiwa bado hawajatimiza miaka 18. Maana yake utoto wao wote shuleni waliumaliza wakiitwa wavivu.

Sasa hicho kicheko. Hali ya misuli kulegea ghafla kwa sababu ya furaha huitwa katapleksia. Mtoto anacheka, au anashangilia goli, au anashtukizwa na zawadi, na papo hapo magoti yanakuwa kama uji. Wengine hawaanguki kabisa: kichwa kinaning'inia, taya linashuka, maneno yanavurugika mdomoni, kikombe kinamponyoka. Huchukua sekunde chache, mara nyingi hazifiki dakika mbili, kisha anainuka kama hakukuwa na kitu. Na muda wote huo anasikia na anaelewa kila kinachosemwa. Hapo ndipo inapotengana na kifafa, na hapo ndipo nami nilipokosea zamani.

Waliniletea binti wa miaka 11 kutoka Muheza, mama yake anauza machungwa. Anaanguka, macho yamefumba, halafu analala sana mchana. Nilimuuliza mama, "Akianguka anapoteza fahamu?" Akajibu ndiyo, kwa sababu macho yalikuwa yamefumba, na mtu yeyote angejibu hivyo. Nikamwandikia dawa ya kifafa, fenobabitoni, ambayo yenyewe inaleta usingizi. Karibu mwaka mzima binti akazidi kulala na kuendelea kuanguka, nami nikaongeza dozi. Siku moja mama alichelewa nje kwenye foleni ya dawa, nikabaki na mtoto peke yake, nikamuuliza yeye: ukianguka unasikia nini? Akanisimulia alivyoanguka jikoni wiki iliyopita, nani alisema nini, nani alicheka, shangazi yake alimwita nani. Neno kwa neno. Mwaka mzima sikuwa nimemuuliza mwenye mwili. Tangu siku hiyo mtoto ndiye ninayemuuliza kwanza.

Basi nawe muulize mwanao leo. Usimwulize kwa ukali wala mbele ya watu. Akilegea tena, ongea kitu cha kawaida karibu yake, kisha akiinuka mwulize nilisema nini. Jibu lake mwandikie daktari.

Kwa watoto wadogo kuna jambo ambalo hata wahudumu wengi wa afya hawajawahi kulisikia. Miezi ya mwanzo ya ugonjwa, katapleksia ya mtoto inaweza isisubiri kicheko. Uso wenyewe unalegea: kope zimeshuka nusu, mdomo wazi, ulimi unatokeza nje, mwendo wa kuyumba kama mtu aliyeshuka kwenye mashua. Wengine hukunja uso na kuchezesha midomo bila kukusudia. Watu wakiona hivyo husema mtoto amepagawa, au amekula kitu, au amekuwa taahira. Mtazame mwanao anapoangalia katuni inayomchekesha. Mtazame uso, usitazame magoti peke yake.

Kwa nini furaha imwangushe mtu? Sisi sote tukiwa tunaota, ubongo unafunga misuli ya mwili, ili anayeota anakimbia asikimbie kweli na kugonga ukuta. Ni ulinzi mzuri. Kati ya kuwa macho na huo usingizi wa ndoto kuna mlango, na mlango una komeo. Komeo hilo ni kemikali iitwayo hipokretini (wengine huiita oreksini), inayotengenezwa na kikundi kidogo cha seli ndani kabisa ya ubongo, sehemu inayoitwa haipothalamasi. Ubongo wenye seli bilioni nyingi hutegemea makumi ya maelfu tu ya hizo kwa kazi hii. Kwenye narkolepsia yenye katapleksia, karibu zote zimekufa. Komeo limeng'oka, mlango unapigwa na kila upepo: usingizi unaingia mchana, na ule ufungaji wa misuli, ambao mahali pake ni ndotoni, unatokea mtu akiwa macho, hasa akiguswa na furaha. Upande wa pili pia mlango haufungi, ndiyo maana usiku halali fofofo.

Hipokretini yenyewe ilitambuliwa mwaka 1998. Kabla ya hapo, kwenye chuo cha Stanford, Marekani, walikuwa wakifuga mbwa waliozaliwa na ugonjwa huu. Mbwa hacheki, lakini ukimwekea nyama tamu, kwa furaha ya kuiona miguu ya nyuma inalegea, anakaa, analala ubavu, macho yanaitazama nyama. Mwaka 1999 ikaonekana kwamba mbwa hao wana hitilafu kwenye sehemu za seli zinazopokea hipokretini. Mwaka uliofuata ubongo wa wagonjwa waliofariki ukachunguzwa, zile seli zikakutwa hazipo. Nakusimulia haya kwa makusudi, mama, ili mama mkwe naye aone kwamba kinachomwangusha mtoto kina mahali pake mwilini na kimeshikwa kwa mikono.

Turudi kwenye usingizi wenyewe, maana huo ndio unaotangulia na ndio unaodharauliwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wako analala saa 3 usiku na kuamka saa 12 asubuhi: ni saa 9, ukingoni kabisa. Kwa hiyo kabla hujafika kwa mtaalamu fanya hivi: kwa wiki mbili mlaze saa 2, simu na televisheni zizimwe kabla. Kama shida ni usiku mfupi, utaona tofauti. Kama analala kwa muda wa saa 10 na bado anapitiwa na tonge mkononi, hilo nalo ni jibu. Lakini miadi ya hospitali usiisimamishe kwa kusubiri hizo wiki mbili.

Mtoto mwenye afya huacha kulala mchana akikaribia kuanza shule au muda mfupi baada ya hapo. Aliyekwisha kuacha, akarudia tena akiwa na miaka 7, 9 au 12, tena kila siku, anatuambia kitu. Angalia anapolala wapi. Wengi wetu tutasinzia kwenye basi la kwenda Korogwe au kwenye hotuba ndefu. Huyu anasinzia akila, akiongea, akiwa mchezoni. Mara nyingi akilala kidogo huamka mchangamfu, halafu saa mbili au tatu baadaye usingizi unamrudia. Na usidanganyike na mtoto asiyekaa chini. Watoto wengine wanapopigana na usingizi huwa watundu kupita kiasi, wanarukaruka, wanagombana na kila mtu, wanalia kwa kitu kidogo. Mwalimu anaona mtundu, na kumbe ni mtoto anayejichapa mwenyewe asilale.

Omba madaftari yake. Hili napenda wazazi walifanye kwa sababu daftari halisemi uongo. Fungua kurasa za miezi mitano iliyopita, tafuta mahali ambapo mwandiko unaanza vizuri, kisha unateremka chini ya mstari, herufi zinakuwa mawimbi, mwisho unabaki mchoro tu mpaka pembeni mwa karatasi. Mtoto huyo alikuwa amelala huku mkono unaandika. Ubongo umezima nusu, kiungo kinaendelea na kazi aliyokipa. Ukikuta kurasa hizo, usizichane wala kumgombeza, zibebe hospitali.

Usiku sasa. Huyo anayemkalia kifuani sisi watu wa pwani tunamjua kwa jina: jinamizi. Mtu anafumbua macho, chumba anakiona, lakini hawezi kuinua hata kidole, kifua kizito, na mara nyingi anaona kivuli au anasikia hatua. Kumkaba mtu mara moja moja kwa mwaka si ugonjwa, wazima wengi wamepitia. Ni ule ufungaji wa misuli wa ndotoni ambao umechelewa kuachia, na ndoto yenyewe bado inaonekana huku macho yako wazi. Kwa mtoto mwenye narkolepsia huja mara kwa mara, wakati wa kuingia usingizini au wa kutoka. Anaogopa kitanda, na anapoogopa kitanda analala vibaya zaidi. Mfundishe kusoma Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala kama mlivyozoea, alale karibu na mtu, na mwambie kwa maneno mepesi kwamba mwili umechelewa kuamka na utafunguka wenyewe baada ya muda mfupi. Akikabwa, kumgusa bega na kumwita jina mara nyingi kunatosha kumfungua.

Kunenepa. Mitaani kwetu mtoto akinenepa mama hupongezwa, ndiyo maana dalili hii hainiandikiwi mara nyingi, na wewe nakushukuru kuitaja. Watoto wengi wanaoanza narkolepsia huongezeka kilo kwa kasi katika miezi ileile usingizi unapoanza, hata kama sahani haijabadilika. Wengine hubalehe mapema kuliko wenzao. Sehemu ile ya ubongo inayotengeneza hipokretini ndiyo pia inayohusika na njaa na matumizi ya nguvu za mwili. Kwa hiyo usimnyime chakula kwa adhabu. Punguza soda, juisi za kununua na maandazi ya kila saa, mwache akimbie na wenzake, na uzito wake uandikwe kila mwezi.

Kuhusu yanayofanana na ugonjwa huu nitapita haraka, lakini daktari wako lazima ayapitie. Mtoto anayekoroma, anayepumua kwa mdomo, anayetokwa jasho na kukojoa kitandani, huenda mafindofindo au nyama za puani zinambana pumzi usiku, na hilo lina tiba nzuri. Upungufu wa damu na selimundu huchosha mwili, na selimundu mara nyingi huandamana na kupumua kwa shida usiku. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango hunenepesha na kulaza. Dawa za mafua na za mzio, kama Piriton, hulaza, na kuna nyumba zinazozitoa kila jioni kama uji. Kifafa cha kuzubaa humkatisha mtoto katikati ya sentensi, naye hakumbuki. Kule Mahenge, Ulanga, tangu miaka ya 1960 imeandikwa aina ya kifafa inayotikisa kichwa cha mtoto mbele kama anayesinzia. Malale inayoletwa na mbung'o huja na homa, kwa hiyo ukiulizwa kama mmeishi au kusafiri karibu na mbuga za wanyama, jibu kwa ukamilifu. Malaria yenyewe hulaza mtoto kwa siku, haimlazi miezi mitano, na kipimo cha tano sioni kitakuongezea nini kama hana homa.

Kuna dalili chache ambazo zikitokea huandiki barua tena, unampeleka siku hiyohiyo: kichwa kuuma na kutapika asubuhi, kuona viwili viwili au macho kufifia, mkono au mguu wa upande mmoja kudhoofika, mtikiso wa mwili wote, homa yenye shingo ngumu, au usingizi ambao haamshiki. Hayo yanaweza kuwa uvimbe au maambukizi ndani ya kichwa.

Umeuliza chanjo, nami sitakukwepa. Mwaka 2009 na 2010, wakati wa ile homa ya mafua iliyoitwa ya nguruwe, chanjo moja iitwayo Pandemrix ilitumika sana Ulaya, na Finland na Sweden ziliona watoto na vijana wengi kuliko kawaida wakipata narkolepsia baadaye. Hilo ni kweli na lilichunguzwa wazi. China nayo iliona ongezeko baada ya ugonjwa wa mafua wenyewe kuenea, kwa watu ambao wengi wao hawakuchanjwa. Wataalamu wengi leo wanaamini kwamba kinga ya mwili, ikiwa imeamshwa na mafua au maambukizi ya koo kwa mtu mwenye maumbile fulani ya kurithi, inakosea na kuzishambulia zile seli za hipokretini. Pandemrix haitumiki tena. Chanjo za kawaida za kliniki na za shuleni hazijaonekana kusababisha ugonjwa huu, na wadogo zake usiwazuie. Hayo maumbile ya kurithi wanayo watu wengi sana ambao hawataugua maishani mwao, kwa hiyo usianze kutafuta ni ukoo wa nani ulioleta. Ndugu yake kuupata ni nadra, kama mtoto mmoja au wawili kati ya 100. Hauambukizi: mswaki, sahani wala mto.

Na mama mkwe? Usigombane naye. Kombe, dua, kisomo cha nyumbani, kama vinaipa nyumba utulivu, sina ugomvi navyo. Ninachokataa ni mtoto kukeshezwa ngomani ili shetani apande, kwa sababu kukesha kutamzidishia, kunyweshwa miti isiyojulikana, na kupigwa. Fimbo ya ustadhi haina kazi hapa. Ni sawa na kumchapa mwenye pumu ili apumue.

Sasa kazi yako. Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika kila siku: amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, ameshtuka mara ngapi usiku, amelala mchana wapi na kwa muda gani, amelegea lini na kulikuwa na nini kabla yake. Kitu cha pili ni simu. Kaka yake amchekeshe wakiwa wamekaa kwenye mkeka, wewe chukua video, uso na miguu vionekane. Video ya nusu dakika ina thamani kuliko barua yangu hii yote, kwa sababu hospitalini mtoto haoni cha kumchekesha na daktari hataona kitu. Nimeona utambuzi wa miaka mitatu ya kuzunguka ukimalizika kwa video moja ya harusi.

Anza kituo cha afya kilicho karibu ili upate barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Bombo, uombe kuonana na daktari wa watoto, na ueleze wazi kwamba unaulizia narkolepsia. Usione haya kutaja jina. Kutoka hapo atahitaji mtaalamu wa mishipa ya fahamu, na wa namna hiyo wapo hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC Moshi. Kipimo kamili kina usiku na mchana. Usiku mtoto analala na nyaya ndogo zimebandikwa kichwani na usoni, haziumi, ili ionekane kama kuna kingine kinachomvuruga. Kesho yake analazwa mara nne au tano, kila baada ya saa mbili, akipewa dakika 20 za kujaribu kulala. Mtoto mzima wa umri wake mara nyingi hatalala hata kidogo. Mwenye narkolepsia kwa wastani hulala ndani ya dakika 8, na angalau mara mbili huingia kwenye usingizi wa ndoto ndani ya dakika 15, wakati usiku wa kawaida ndoto husubiri saa moja na nusu hivi. Kuna pia kipimo cha maji ya uti wa mgongo kuangalia hipokretini. Vipimo hivi havipatikani kila hospitali, na pasipokuwa navyo, historia iliyoandikwa vizuri, video na kipimo cha umeme wa ubongo cha kuondoa kifafa humfikisha mtaalamu mbali sana. Wiki moja au mbili kabla ya kipimo asiwe anakosa usingizi, na dawa zote anazotumia zitajwe, hata za mitishamba.

Tiba ya kurudisha zile seli haijapatikana, nami sitakudanganya. Lakini mtoto huyu anaweza kusoma, kufanya kazi, kuoa na kulea. Dawa zipo za aina mbili: za kumweka macho mchana, kama methilifenideti na modafinili, na za kuzuia kulegea, kama venlafaksini. Nchini Marekani tangu 2018 kuna nyingine ya usiku, sodiamu oksibeti, iliyoruhusiwa kwa watoto kuanzia miaka 7. Zote ni dawa za mtaalamu, zina madhara yake, na baadhi hudhibitiwa kisheria. Usinunue dukani kwa kuambiwa, na usimpe kahawa ya baraza wala vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kona.

Dawa isiyo na bei ni usingizi wa kupangiwa. Dakika 15 hadi 20 wakati wa mapumziko ya saa 4 asubuhi, nyingine akitoka shule kabla ya kwenda chuoni, na usiku saa ileile kila siku, Jumamosi na Jumapili pia. Nenda kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, wewe na baba yake, mkaombe kona ya kulala kichwa mezani bila kuulizwa, kiti karibu na dirisha, ruhusa ya kusimama nyuma ya darasa usingizi unapomjia, na muda wa nyongeza kwenye mtihani. Mwombe mwalimu awaambie wanafunzi wenzake jambo moja: akianguka wasimvute wala kumcheka, anawasikia.

Kuna mambo ya kuzuia kuanzia leo, kabla ya kipimo chochote. Tanga ni mji wa bahari na baiskeli. Asioge Raskazone wala kokote bila mtu mzima aliye ndani ya maji pamoja naye, umbali wa mkono, maana akifurahishwa na wimbi anaweza kulegea majini. Baiskeli aiache barabarani kwa sasa. Asipande mnazi wala mwembe, asitumwe kisimani peke yake, asiachwe na jiko la mkaa lenye sufuria ya mafuta. Bodaboda asipakiwe nyuma ya wote, akae katikati ya dereva na mtu mzima, na kama kuna njia nyingine msiitumie kabisa.

Jambo la mwisho ninaloliogopa kuliko usingizi. Watoto wenye katapleksia hugundua wenyewe kwamba furaha inawaangusha, na taratibu huacha kufurahi. Wanakaa pembeni, wananuna kwa makusudi, wanaondoka palipo na vichekesho. Binti wa Muheza alikuwa amefika huko, alikuwa haangalii mtu usoni asije akachekeshwa. Wako bado anacheka na kaka yake. Mwambie huyo kaka aendelee kumchekesha, ila wawe wamekaa, na pawe na mkeka au godoro chini.